Askari wa farasi wa kujitolea kwenye nyanda za Marekani, 1862–1866: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukimtajia mtu askari wa farasi wa Marekani, kinachomjia kichwani ni filamu: tarumbeta inalia, vumbi linatimka, watu mia wanateremka kilima mbio huku panga zimechomolewa. Baada ya hapo huja maswali, na karibu kila mara ni yale yale. Nimeyakusanya hapa. Majibu mengi yanaifuata rejimenti moja, ya 11 ya wapanda farasi wa Ohio, iliyofika Fort Laramie, katika Wyoming ya leo, mwishoni mwa Mei 1862. Nikitoka nje ya rejimenti hiyo, nitasema.

## Mambo ya mwanzo

1. "Wa kujitolea" maana yake hakulipwa?

Alilipwa. Neno hili linatuchanganya kwa sababu kwetu anayejitolea ni mtu anayefanya kazi bure na kuambulia nauli. Hapa maana yake ni mtu aliyejiandikisha kwa hiari katika rejimenti iliyoundwa na jimbo lake, kwa muda maalumu, mara nyingi miaka 3. Hiyo ndiyo tofauti yake na askari wa jeshi la kudumu la serikali kuu. Akishakula kiapo alikuwa chini ya sheria za kijeshi kama askari mwingine yeyote, na hakuweza kuamka siku moja akasema imetosha, narudi kwetu. Habari za mshahara ziko swali la 12.

Tofauti nyingine ilikuwa kwenye tabia. Kombania moja (kikosi kidogo ndani ya rejimenti) iliandikishwa katika miji michache ya jirani, kwa hiyo sajini wako angeweza kuwa kijana mliyevuna naye mahindi mwaka uliopita. Mkuu wa kikosi cha Ohio, Luteni Kanali William O. Collins, alikuwa mwanasheria wa mji mdogo wa Hillsboro. Watu kama hao walitii amri, lakini walitaka kwanza kuelezwa sababu, na jambo hilo liliwakera sana maofisa wa jeshi la kudumu.

2. Vita vilikuwa mashariki. Kwa nini hawa walipelekwa magharibi?

Vita vyenyewe ni vile vya wenyewe kwa wenyewe, 1861–1865, kati ya serikali kuu ya Kaskazini na majimbo ya Kusini yaliyojitenga. Waliojiandikisha Ohio walitarajia kwenda kupigana na majimbo hayo. Wengi walivunjika moyo walipogeuziwa njia.

Sababu kubwa ilikuwa waya. Tarehe 24 Oktoba 1861 simu ya waya (telegrafu: ujumbe unaogongwa kwa alama, si wa sauti) iliunganishwa kutoka pwani hadi pwani, na ujumbe uliokuwa ukibebwa na vijana wa farasi kwa siku kumi hivi ukaanza kufika papo hapo. California na dhahabu yake zikawa zinaongea na Washington. Lakini waya huo ulipita katika mamia ya kilomita za nyika, na wanajeshi wa kudumu waliokuwa wakilinda njia walikuwa wakiitwa mashariki. Jeshi lote la kudumu lilikuwa na watu kama 16,000 tu vita vilipoanza. Pengo likajazwa na watu wa kujitolea kutoka Ohio, Iowa, Kansas, Colorado, California na kwingineko.

3. "Mpaka" unaozungumziwa ni upi? Kati ya Marekani na nchi gani?

Si mpaka wa ramani. Ni eneo ambalo walowezi walikuwa wanaingia na wenyeji walikuwa bado wanalishika. Kwa Walakota, Wacheyenne na Waarapaho pale hapakuwa mpakani hata kidogo, palikuwa kwao.

## Siku ya kawaida

4. Siku ilianzaje, na iliishaje?

Tarumbeta iliamua kila kitu. Ya kwanza ililia alfajiri, watu wakapanga mstari na majina yakasomwa. Kabla hata ya chai ya asubuhi (yaani kahawa) ililia ya pili, ya mazizini: farasi kwanza, binadamu baadaye. Kisha kifungua kinywa, kisha mwito wa wagonjwa kwenda kwa daktari, kisha kubadilishana lindo. Waliobaki waligawanywa kwenye kazi za mikono na mazoezi. Mchana farasi walipelekwa mtoni kunywa, na jioni zizini tena. Jua likizama majina yalisomwa upya, na usiku tarumbeta ya mwisho ilizima taa.

Hiyo ni ratiba ya ngome kubwa. Katika kituo kidogo cha watu kumi au ishirini kando ya waya, kama vile Sweetwater au Three Crossings, mambo yalilegea. Kilichobaki bila kulegezwa ni lindo la usiku na farasi.

5. Kwa nini farasi alichukua muda wote huo?

Kwa sababu bila farasi huyo askari alikuwa mtu wa miguu aliyevaa buti zisizofaa kutembelea, katikati ya nchi isiyo na mwisho.

Kanuni ilimpa kila farasi ratili 14 za nyasi kavu kwa siku, karibu kilo 6.4, na ratili 12 za nafaka, karibu kilo 5.4. Zidisha kwa kombania ya farasi 80 uone ni magari mangapi ya kukokotwa yalihitajika kuvuka nyika kuleta mahindi tu. Mara nyingi hayakufika, na farasi wakaishi kwa nyasi walizojitafutia. Farasi wa shamba la Ohio aliyezoea nafaka alikonda upesi kwa maisha hayo. Farasi wadogo wa wenyeji walikulia kwenye nyasi hizo hizo na waliendelea kukimbia.

Asubuhi na jioni kila mtu alisimama na mnyama wake, chanuo la chuma mkono mmoja na brashi mkono mwingine, sajini akipita nyuma. Walianza shingoni, wakashuka begani, mgongoni, tumboni, miguuni. Mahali pa kuangaliwa sana ni mgongo, chini ya tandiko. Blanketi likikunjwa vibaya, au jani moja kavu likinaswa chini yake, kufikia jioni kuna lengelenge. Baada ya siku mbili ni kidonda, na farasi huyo hapandiki kwa wiki kadhaa. Kisha kwato zikainuliwa moja moja na kuchokolewa mawe. Kila kombania ilikuwa na wahunzi wake wa kupiga viatu vya farasi na fundi wake wa matandiko.

Safarini hawakuwa wakipiga mbio kama kwenye filamu. Walikwenda mwendo wa kutembea, wakachanganya na mwendo wa kasi kidogo, na mara kwa mara walishuka na kuwaongoza farasi kwa hatamu ili wapumzike mgongo. Usiku farasi walifungwa kwa kamba ndefu kwenye kigingi cha chuma. Wenyeji walijua kabisa kwamba ukiwatimua farasi umeshinda vita bila kumuua mtu, kwa hiyo zamu ya kuwalinda haikuwa ya kusinzia.

6. Walikula nini?

Kwa karatasi, chakula kilikuwa kingi: gramu 340 za nyama ya nguruwe ya chumvi au gramu 567 za nyama ya ng'ombe kwa siku, zaidi ya nusu kilo ya unga au mkate, au ratili moja ya biskuti ngumu, pamoja na maharage, mchele, sukari, siki, chumvi na kahawa. Kwa kweli, kilicholiwa kilikuwa kile kilichofika.

Biskuti ngumu ni unga na maji vilivyookwa mpaka vikawa kama kigae. Nyingi zilifika na wadudu. Dawa yake ilikuwa kuzivunja kwa kitako cha bunduki na kuzitumbukiza kwenye kahawa ya moto. Wadudu wakaelea juu, ukawaengua, ukanywa. Wengine walizikaanga kwenye mafuta ya nguruwe. Boga na kabeji vilikuwa ndoto. Serikali ilituma mboga zilizokaushwa na kugandamizwa kama matofali, ambazo askari walizichukia kwa umoja wa kitaifa.

Kahawa ndiyo iliyowashika. Mara nyingi ilikuja mbichi, wakaikaanga wenyewe kwenye sufuria na kuiponda ndani ya kikombe cha bati. Mpishi wa kazi hakuwapo: watu wanne mpaka sita walikula pamoja na kupokezana zamu, na aliyepika vibaya aliambiwa. Pasipo na miti, na kwenye nyanda sehemu kubwa haina, walichoma mavi makavu ya nyati. Yanawaka vizuri, bila moshi mwingi. Paa na nyati wenyewe waliwindwa kila nafasi ilipopatikana.

7. Walilala wapi? Ngome ilikuwa na ukuta mrefu wa magogo?

Fort Laramie ya wakati huo haikuwa na ukuta wa kuizunguka. Ilikuwa kama kijiji cha serikali: nyumba za maofisa, mabweni, mazizi na duka, zimeuzunguka uwanja wa gwaride. Jeshi liliinunua mwaka 1849 kutoka kwa wafanyabiashara wa ngozi kwa dola 4,000, na jumba lililojengwa mwaka huo huo, lililobatizwa Old Bedlam, bado limesimama.

Vituo vidogo vilikuwa vibanda vya magogo au udongo vyenye paa la udongo juu ya nguzo. Mvua ikinyesha nje siku moja, ndani hunyesha siku mbili. Safarini kila mtu alibeba nusu ya hema. Ukipata mwenzako mwenye nusu nyingine, mna nyumba.

8. Kazi yenyewe ilikuwa nini hasa?

Kulinda waya na kuufunga ulipokatika. Upepo uliuangusha, nyati waliokuja kujikuna walizing'oa nguzo, na wapiganaji wa Kilakota na Kicheyenne waliukata kwa makusudi, wakati mwingine wakaondoka na kipande kirefu. Mpiga simu wa kituo akigonga na kukosa jibu, watu wachache walitandika farasi na kufuata nguzo mpaka pengo. Nguzo mpya zilikatwa milimani na kuvutwa kwa nyumbu.

Kazi nyingine ilikuwa kusindikiza barua na misafara ya wahamiaji, na kukata nyasi na kuni. Kuna askari aliyemaliza miaka 3 akiwa amepasua kuni nyingi kuliko risasi alizofyatua, na sidhani alikuwa mmoja tu.

9. Na baridi?

Ilikuwa adui wa kweli. Februari 1865 kituo cha simu cha Mud Springs kilishambuliwa, na mpiga simu akaomba msaada Fort Laramie, zaidi ya kilomita 160 kutoka hapo. Collins aliondoka jioni na karibu watu 120, wakaenda usiku kucha kwenye theluji. Wengine walifika vidole vya miguu vimekufa ganzi na kuoza kwa baridi.

Majira hayo sare iliwekwa kando. Walivaa makoti ya ngozi ya nyati na viatu vya ngozi laini walivyobadilishana na wenyeji, maana buti ya jeshi iliganda kama bomba.

10. Walivaa nini na kubeba silaha gani?

Koti fupi la buluu nzito lenye mapambo ya njano (njano ni rangi ya wapanda farasi), suruali ya buluu mpauko iliyoongezwa kitambaa makalioni, na kofia yoyote pana waliyoweza kununua. Silaha zilikuwa bunduki fupi, bastola ya risasi sita, na kitara. Kitara kilipiga kelele safarini na hakikuwa na kazi kwenye mapigano ya mbali, hivyo mara nyingi kiliachwa stoo. Vita ikichacha walishuka: mtu wa nne alishika farasi wa wenzake watatu, na hao watatu wakapigana kwa miguu.

## Mwili na mfuko

11. Waliugua nini?

Kuhara, homa, mafua makali na kiseyeye. Kiseyeye kilikuja mwisho wa majira ya baridi, baada ya miezi ya nyama ya chumvi: fizi zinavimba na kutoa damu, meno yanalegea, vidonda vya zamani vinafunguka. Tiba ilikuwa viazi vibichi kwenye siki, au vitunguu pori theluji ilipoyeyuka. Daktari alikuwa na kwinini, dawa ya zebaki iliyodhuru kuliko kuponya, na wiski. Katika vita vyote vya wenyewe kwa wenyewe, maradhi yaliua askari wengi kuliko risasi.

12. Walilipwa kiasi gani?

Askari wa kawaida alipata dola 13 kwa mwezi, zikapanda kuwa 16 mwaka 1864. Kanuni ilisema walipwe kila miezi miwili. Mlipaji alipaswa kuvuka nyika na sanduku la fedha, na mara nyingi alichelewa kwa miezi mingi. Katikati hapo mtu aliishi kwa kukopa kwenye duka la kambini, lenye samaki wa kopo, tumbaku, karatasi za barua na bei za kukufanya ukae chini. Siku ya malipo, sehemu ya mshahara ilikuwa imeshaliwa.

Katika baadhi ya rejimenti, mwanzoni, askari alikuja na farasi wake mwenyewe na kulipwa senti 40 kwa siku kwa ajili yake. Hasara ya mpango huo iko swali la 19.

13. Adhabu zilikuwaje?

Viboko vilifutwa jeshini na Bunge mwaka 1861, lakini ubunifu haukufutwa. Mtu aliweza kutembezwa na gogo begani siku nzima, kufungwa mikono na magoti na kijiti kimepitishwa katikati, kukatwa mshahara, au kulala mahabusu. Makosa ya kawaida yalikuwa ulevi, kusinzia lindoni na kumjibu ofisa. Utoro uliweza kumletea mtu kifo, lakini machimbo ya dhahabu ya Colorado na Montana yalikuwa karibu, na wengi waliona heri wajaribu bahati, tena na farasi wa serikali.

14. Walijiburudishaje?

Karata, fidla, mbio za farasi, barua kutoka nyumbani zikisomwa mpaka zikachanika mikunjo. Na pombe. Wanawake kambini walikuwa wake wa maofisa wachache na wafuaji nguo, ambao kanuni iliruhusu wanne kwa kila kombania. Wengine walikuwa wenyeji walioishi jirani na ngome, baadhi wameolewa na wafanyabiashara wa zamani.

## Vita

15. Walipigana mara ngapi?

Mara chache, na ghafla. Miezi ya kuni na waya, halafu saa moja.

Mfano ni daraja la mto Platte, lililokuwa na kituo cha jeshi, tarehe 26 Julai 1865. Mamia ya wapiganaji wa Kicheyenne, Kilakota na Kiarapaho walikuwa wamejificha nyuma ya vilima. Msafara mdogo wa magari ya jeshi, ukiongozwa na Sajini Amos Custard wa Kansas, ulikuwa unakaribia bila habari. Luteni Caspar Collins, mtoto wa kanali, umri miaka 20, alikuwa amefika kituoni karibu tu akielekea kwenye kombania yake. Hakuwa wa kituo kile. Akapewa watu ishirini na kitu, wengi wao wa rejimenti ya Kansas, akavuka daraja kwenda kuupokea msafara. Walizingirwa karibu mara moja. Wenzake wengi walipenya na kurudi darajani. Yeye na wengine wanne hawakurudi. Saa chache baadaye msafara wa Custard nao ukamalizwa, wakanusurika watu watatu.

16. Wenyeji walikuwa wanapigania nini?

Mkataba wa Fort Laramie wa 1851 ulikuwa umetambua ardhi za mataifa yao. Dhahabu ya Colorado ilipogunduliwa mwaka 1858, wageni walimiminika, nyati wakapungua njiani, na ahadi zikaanza kusahauliwa upande mmoja.

Kisha likaja jambo ambalo si haki kulizungukia, kwa sababu waliolitenda walikuwa askari wa farasi wa kujitolea. Tarehe 29 Novemba 1864, Kanali John Chivington aliwaongoza askari kama 675, wengi wa rejimenti ya 3 ya Colorado iliyoandikishwa kwa siku 100 tu, kukishambulia kijiji cha Wacheyenne na Waarapaho huko Sand Creek. Chifu Black Kettle aliamini wako chini ya ulinzi wa jeshi, na alikuwa amepandisha bendera ya Marekani. Waliuawa watu wapatao 230, wengi wanawake, watoto na wazee. Mashambulizi ya Mud Springs (swali la 9) na ya daraja la Platte yalikuja baada ya hapo, na kwa sababu hiyo.

17. Hakuna aliyekataa?

Walikuwapo. Kapteni Silas Soule na Luteni Joseph Cramer, wa rejimenti ya 1 ya Colorado, hawakuwaruhusu watu wao kufyatua risasi siku ile. Waliandika barua kueleza walichokiona, na Soule alitoa ushahidi kwenye uchunguzi mwanzoni mwa 1865. Aprili mwaka huo alipigwa risasi akafa katika mtaa wa Denver. Chivington alikuwa ameshatoka jeshini, kwa hiyo hakufikishwa kwenye mahakama ya kijeshi.

## Maswali ya pembeni

18. Kweli kulikuwa na askari wa Kusini waliovaa sare ya Kaskazini? Na askari weusi?

Ndiyo kwa la kwanza. Wafungwa wa vita wa Kusini waliahidiwa kutoka gerezani wakikubali kutumikia magharibi, ambako hawatalazimika kuwapiga ndugu zao. Karibu 6,000 walikubali. Waliitwa kwa utani Wayankii (yaani watu wa Kaskazini) waliopakwa zinki, kama bati: juu buluu ya Kaskazini, chini kijivu cha Kusini. Rejimenti ya 11 ya Ohio nayo iliwapokea wengine.

Askari weusi wa farasi wa kujitolea walikuwapo pia, ila wengi walitumikia mashariki na Kusini. Wale maarufu wa nyika, rejimenti za 9 na 10, waliundwa mwaka 1866 na walikuwa jeshi la kudumu, kwa hiyo hawaingii kwenye ukurasa huu.

19. Farasi wa askari mwenyewe akifa, nani analipa?

Inategemea amekufaje. Akiuawa vitani, serikali ilifidia. Akifa kwa maradhi au kwa kukonda, zile senti 40 zilihesabiwa kuwa zilikuwa na hatari ndani yake: hasara ni yako na senti zinakoma.

20. Kusini ilisalimu amri Aprili 1865. Kwa nini wengine walibaki mpaka 1866?

Kwa sababu wa kuwapokea hawakuwapo. Askari walihoji, na hoja yao haikuwa ya kipuuzi: tulijiandikisha kwa vita hii, na vita imekwisha. Kiangazi hicho rejimenti ya 16 ya Kansas iligoma Fort Laramie ilipoamriwa kwenda bonde la mto Powder, na Jenerali Patrick Connor akaivunja migomo kwa kuielekezea mizinga. Wakaenda. Septemba dhoruba ya baridi iliua mamia ya farasi waliokuwa wameshachoka kwa njaa, na wapanda farasi wakarudi kwa miguu, nguo zimechanika, wakila nyama ya nyumbu wao. Kombania za mwisho za Ohio ziliachiwa Julai 1866.

21. Mji wa Casper, Wyoming, unahusiana na yule luteni?

Ndiye yeye. Kituo cha daraja la Platte kilipewa jina lake miezi michache baada ya kifo chake, na kwa kuwa Fort Collins ilikuwa tayari imeitwa kwa jina la baba yake, wakatumia jina lake la kwanza. Ngome ile leo inaandikwa Fort Caspar. Mji uliokuja baadaye ulikosewa herufi moja, a ikawa e, na haikurekebishwa tena.